Namna ya kuandaa pendekezo la tuzo kwa mwanahistoria wa eneo: mwongozo kamili

Kila msimu wa tuzo unapofunguliwa, yaleyale hujirudia. Watu wanamfahamu mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kukusanya historia ya eneo lao. Wanaandika kurasa tatu za sifa, wanazituma, kisha kimya. Mwaka unaofuata wanarudia sifa zilezile kwa maneno makali zaidi, na kimya kinaendelea.

Mara nyingi mwanahistoria mwenyewe hana kasoro. Kasoro iko kwenye pendekezo. Limejaa "amejitolea", "ni hazina" na "anaheshimika na wote", lakini halisemi ni jambo gani linajulikana leo ambalo lisingejulikana bila yeye. Kamati haiwezi kulinganisha hazina na hazina. Inaweza kulinganisha kazi na kazi.

Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa tuzo ya chama cha historia, shahada ya heshima ya chuo kikuu, hata bamba la kumbukumbu. Tenga wiki sita hadi nane. Kuandika si kazi ndefu. Kinachokula muda ni kusubiri barua za watu wengine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Masharti kamili ya tuzo ya mwaka huu, si ya mwaka jana, pamoja na fomu yake kama ipo.
- Wasifu wa mwanahistoria, hata kama ni wa ukurasa mmoja.
- Nakala za kazi zake kuu, au angalau kurasa za jina la kitabu, yaliyomo na tanbihi.
- Orodha ya watu watano wanaoweza kuandika barua za kuunga mkono. Utahitaji wawili au watatu, lakini kuna atakayekataa na kuna atakayenyamaza.
- Daftari moja au faili moja ya kompyuta ya kuandikia kila dai na mahali ulipolitoa.
- Mtu mmoja asiyelijua eneo wala mwanahistoria, atakayesoma rasimu yako. Usimdharau huyu, ndiye anayefanana zaidi na mjumbe wa kamati.

## Hatua ya 1: Soma masharti kabla ya kuandika neno lolote

Tuzo za historia hazifanani, na mapendekezo mengi huanguka hapa kabla hata hayajasomwa. Tafuta majibu ya maswali haya: Nani anaruhusiwa kupendekeza? Anayetunukiwa lazima awe hai? Inatunukiwa kazi moja au maisha yote ya kazi? Kuna kikomo cha umri, cha maneno, cha lugha?

Tuzo ya Wolfson ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1972, hutunuku vitabu. Mtu awe na miaka 40 ya utafiti nyuma yake, bado kinachopimwa ni kitabu kilichochapishwa ndani ya kipindi husika. Tuzo ya Dan David siku hizi huwalenga watafiti wa historia walio mwanzoni na katikati ya safari yao, na hutoa dola 300,000 kwa kila mshindi. Kumpendekeza mkongwe aliyestaafu huko ni kupoteza karatasi. Kwa upande mwingine, chama cha Marekani kinachoshughulikia historia ya majimbo na maeneo kimekuwa na tuzo zake tangu 1945, na hizo huwatazama pia watu binafsi, maonyesho na miradi ya jamii, si vitabu tu.

Mabamba nayo yana sheria zake. Kwa bamba la buluu la London, anayekumbukwa lazima awe amefariki si chini ya miaka 20 iliyopita, na jengo linalohusiana naye liwe bado limesimama. Kama mwanahistoria wako alizikwa mwaka jana, huo si mlango wake kwa sasa.

Dalili kwamba umefaulu: unaweza kuandika sentensi moja inayosema tuzo inatunuku nini, na mtu mwingine aliyesoma masharti akakubaliana nawe.

## Hatua ya 2: Pata ridhaa

Mpigie simu au mtembelee. Mweleze unataka kumpendekeza wapi, na kwamba utahitaji wasifu wake, orodha ya kazi na pengine picha. Kama amefariki, zungumza na familia, na uulize mapema nani ndani ya familia ana sauti ya mwisho kuhusu karatasi zake.

Sababu ni mbili. Kwanza, wapo wanahistoria wasiotaka tuzo kutoka taasisi fulani, na wana haki hiyo. Pili, mtu aliyeridhia atakufungulia kabati ambalo hukujua lipo.

Tahadhari: baadhi ya tuzo zinataka pendekezo liwe siri, yaani mpendekezwa asijue. Masharti yakisema hivyo, yafuate, na utegemee maktaba na wenzake badala yake. Vyovyote iwavyo, usimwahidi ushindi.

## Hatua ya 3: Kusanya kazi zote, hasa zile zisizo na jalada

Anza na vitabu na makala: jina, mwaka, mchapishaji, kurasa. Hiyo ni sehemu rahisi. Wanahistoria wa maeneo huacha nusu ya kazi yao nje ya vitabu, na hiyo nusu ndiyo wapendekezaji husahau. Uliza kuhusu:

- kanda na rekodi za mahojiano, na ziko wapi sasa;
- ramani, orodha za nasaba, orodha za majina ya mahali;
- vipindi vya redio na mihadhara;
- nyaraka alizookoa zisitupwe, na makumbusho au maktaba aliyosaidia kuanzisha;
- miswada ambayo haikuchapishwa;
- wanafunzi na watafiti aliowaongoza bila jina lake kutajwa.

Kenneth Dike wa Nijeria anatosha kuonyesha kwa nini orodha ya vitabu haitoshi. Kitabu chake cha 1956 kuhusu biashara na siasa katika delta ya Niger kilibadilisha uandishi wa historia ya eneo hilo. Lakini yeye ndiye pia aliyezunguka kukagua hali ya nyaraka za serikali mapema miaka ya 1950, akasukuma kuundwa kwa idara ya kuzihifadhi, na akaiongoza. Maelfu ya kurasa ambazo watafiti wa baadaye walizisoma zilikuwapo kwa sababu ya kazi hiyo. Ukimwandikia mtu kama huyo pendekezo lenye vitabu peke yake, umemkata mkono mmoja.

Miswada nayo isidharauliwe. Samuel Johnson, kasisi wa Kianglikana huko Nijeria, alimaliza historia yake ya Wayoruba mwaka 1897. Mswada ukapotelea mikononi mwa wachapishaji Uingereza, naye akafariki mwaka 1901 bila kuuona ukitoka. Ndugu yake, Obadiah, aliiandika upya kutokana na madaftari yaliyobaki, ikachapishwa 1921. Kwa hiyo, ukikuta mswada wa mwanahistoria wako kwenye sanduku, uorodheshe kama "haujachapishwa", eleza kwa kifupi una nini ndani, na upige picha kila ukurasa wiki hiyohiyo. Fanya hivyo hata kama tuzo haitauhesabu.

Andika jina la mwanahistoria kwa tahajia zote alizowahi kutumia. Watu wengi wa vizazi vilivyopita walichapisha kwa jina la ubatizo hapa, jina la ukoo pale, na herufi za kwanza kwingineko. Mjumbe wa kamati akitafuta tahajia moja atapata theluthi ya kazi.

Dalili kwamba umefaulu: mwanahistoria mwenyewe, au mwenzake wa karibu, anasoma orodha na kusema, "Hiki hata mimi nilikuwa nimekisahau."

## Hatua ya 4: Jenga hoja ya kabla na baada

Hapa ndipo tuzo hupatikana au hukosekana, kwa hiyo usiharakishe.

Chukua karatasi, ikunje katikati. Upande wa kushoto andika: kabla ya kazi yake, eneo hili lilielezwaje? Kulia: baada yake, linaelezwaje? Kila mstari wa kulia uwe na ushahidi, yaani ukurasa wa kitabu, rekodi, au kazi ya mtu mwingine iliyoanzia hapo. Mstari usio na ushahidi ukate.

Mchango wa mwanahistoria wa eneo kwa kawaida huangukia mojawapo ya mafungu haya. Aligundua chanzo kipya. Alisoma upya chanzo cha zamani na kuonyesha kilikosea. Alitumia njia ambayo haikuwa imetumika kwa eneo lile. Aliwapa nafasi watu waliokuwa nje ya simulizi, kama vile wanawake, watumwa, wahamiaji au mafundi. Au alihifadhi kitu ambacho sasa kisingekuwapo. Chagua moja au mawili. Pendekezo linalodai yote matano halisadikiki, hata kama ni kweli.

Njia ya utafiti mara nyingi ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Bethwell Ogot wa Kenya alipoandika historia ya Waluo wa kusini, iliyotoka 1967, na Isaria Kimambo wa Tanzania alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare, iliyotoka 1969, uzito wa kazi zao haukuwa tu kwamba jamii hizo zilipata kitabu. Walionyesha kwamba jamii yenye hati chache inaweza kuandikwa historia kwa masimulizi ya mdomo, mradi masimulizi hayo yapimwe: ukoo mmoja usikilizwe dhidi ya mwingine, vizazi vihesabiwe, na kauli zilinganishwe na hati chache zilizopo. Hoja ya aina hiyo inamgusa hata mjumbe asiyejua eneo liko upande gani wa ramani.

Udogo wa eneo nao usikutie haya. Natalie Zemon Davis aliandika kuhusu kesi ya mkulima mmoja wa kijiji cha Artigat, kusini mwa Ufaransa, katika karne ya 16. Kesi ya kijiji kimoja ilimpeleka kwenye maswali kuhusu utambulisho, ndoa na ushahidi, na mwaka 2010 alitunukiwa tuzo ya Holberg ya Norway kwa kazi yake. Swali la kujiuliza ni hili: mtu wa mbali anajifunza nini kutokana na eneo hili? Ukipata jibu, liandike katika aya ya kwanza.

Tazama tofauti. Mifano yote miwili ni ya kubuni.

*Dhaifu:* "Ni mwanahistoria mahiri, mwenye moyo mkunjufu, aliyeandika vitabu vingi vinavyosomwa na watu wa rika zote na aliyeitangaza jamii yetu ndani na nje."

*Imara:* "Kabla ya utafiti wake, kuhamia kwa koo za bonde hili kulielezwa kwa taarifa za wasafiri wawili tu, na wote walisema watu walifika kwa pamoja. Aliwahoji wazee wa koo tisa, akalinganisha nasaba zao na daftari za ubatizo, akaonyesha kwamba walifika kwa awamu tatu na kwamba ya mwisho ilisukumwa na ukame. Rekodi za mahojiano yote zimehifadhiwa maktaba, na tasnifu mbili zimeandikwa kutokana nazo."

Aya ya pili haina sifa hata moja, na bado msomaji anamaliza akiwa anamheshimu mtu huyo.

Dalili kwamba umefaulu: yule msomaji wako asiyelijua eneo anaweza kukueleza mchango wa mwanahistoria kwa sentensi mbili, bila kutazama karatasi.

## Hatua ya 5: Tafuta udhaifu kabla kamati haijautafuta

Wengi huruka hatua hii kwa kuona aibu. Historia ya eneo hugusa ardhi, ukoo, mipaka na utawala, na karibu kila mwanahistoria wa eneo ana watu wanaosema aliwapendelea fulani. Kamati makini itasikia hayo. Ni heri iyasikie kwako kwanza, yakiwa yamewekwa mahali pake.

Soma mapitio ya vitabu vyake, hasa yale makali. Uliza: je, watu wa upande wa pili walihojiwa? Wasimulizi wametajwa kwa majina, au walifichwa nyuma ya "wazee"? Wasaidizi wa utafiti walipewa haki yao? Kuna tuhuma za kunakili kazi ya mtu?

Udhaifu wa kawaida unaweza kutajwa kwa sentensi moja bila kuharibu kitu. Wanahistoria waliomfuata Johnson wameonyesha kwamba aliitazama nchi ya Wayoruba kwa jicho la Oyo, mmoja tu wa falme zao, lakini hakuna anayeiandika historia hiyo bila kumsoma. Kauli ya namna hiyo humfanya mpendekezaji aaminike.

Tuhuma ya kunakili, au ya kuchukua hati za familia bila kuzirudisha, ni jambo jingine. Ukikuta ushahidi wake, simamisha pendekezo. Tuzo iliyotolewa kisha ikafutwa humdhuru kila mtu, na wa kwanza ni wale wasimulizi.

## Hatua ya 6: Omba barua tatu zisizofanana

Barua tatu za maprofesa watatu wanaosema jambo moja ni sawa na barua moja. Tafuta sauti tatu tofauti:

1. Mtaalamu wa fani, asiye rafiki wa karibu, aseme kazi hiyo inakaa wapi miongoni mwa kazi nyingine.
2. Mhifadhi nyaraka, mkutubi au mwalimu, aseme kazi hiyo inatumika vipi: nani anaiomba, nani anaifundishia.
3. Mtu wa eneo lenyewe, ikiwezekana kutoka familia iliyohojiwa, aseme mwanahistoria aliingia vipi, aliondoka vipi, na kama alirudi.

Barua ya tatu ndiyo hupuuzwa, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito zaidi kwa historia ya eneo. Kama mwandishi wake si mwepesi wa kuandika, msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, msomee, naye atie sahihi.

Mpe kila mwandishi wiki tatu, ukurasa mmoja wa hoja yako, na swali moja mahususi la kujibu. Usimwandikie barua nzima akasaini tu; wajumbe hutambua mtindo mmoja ukijirudia katika barua tatu. Mkumbushe mara moja katikati na mara moja siku nne kabla ya mwisho.

Dalili kwamba umefaulu: kila barua ina angalau jambo moja ambalo wewe hukulijua.

## Hatua ya 7: Andika barua kuu na tamko fupi

Barua kuu isizidi kurasa mbili, isipokuwa masharti yaseme vingine. Aya ya kwanza: jina, tuzo, na mchango wake kwa sentensi mbili. Aya zinazofuata: kabla na baada, njia aliyotumia, watu walioendeleza kazi yake, udhaifu na jibu lake. Maisha yake, yaani kuzaliwa, shule na vyeo, yaingie mwisho na kwa ufupi. Wasifu umeambatishwa, hakuna haja ya kuusimulia tena.

Kisha andika tamko la maneno 60 hivi ambalo linaweza kusomwa jukwaani. Kamati hulipenda kwa sababu huwarahisishia kazi, na likiwa zuri hujikuta wakilinukuu wanapojadiliana. Lisome kwa sauti. Likikukata pumzi, lipunguze.

Kama ni bamba, maneno yawe machache zaidi: jina, miaka ya maisha, "mwanahistoria wa" eneo lake, na jambo moja alilofanya mahali hapo. Hakiki kila tarehe kwa vyanzo viwili, kwa maana kosa likishachongwa halirekebishwi kwa ufutio.

## Hatua ya 8: Funga jalada na utume

Unganisha kila kitu katika faili moja la PDF, kwa mpangilio uliotajwa kwenye masharti, na kurasa zenye namba. Faili lipewe jina la mwanahistoria na mwaka. Jina kama "pendekezo mwisho kabisa 2" halimsaidii mtu anayefungua mafaili mengi kwa siku.

Tuma siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Omba uthibitisho wa kupokelewa, kisha uuhifadhi.

Tahadhari: usiwapigie simu wajumbe wa kamati "kusalimia". Hata kama nia ni njema, itasomeka vibaya.

## Hatua ya 9: Jibu likija

Likiwa ndiyo, kuna mambo mawili ya kushughulikia kabla ya hafla. La kwanza ni kuhakikisha wasimulizi au familia zao wanaalikwa na wanatajwa. La pili ni kuitumia nafasi hiyo kuzungumzia hatima ya nyaraka zake. Taasisi ambazo jana hazikuwa na nafasi ya rafu huipata ghafla jina la mtu likishatangazwa. Pata makubaliano ya maandishi: nani atapokea karatasi na kanda, nani anaruhusiwa kuzisoma, lini zitanakiliwa kidijitali. Kanda za sumaku zianze. Huchakaa hata zikiwa zimefungiwa sandukuni.

Likiwa hapana, omba maoni kwa barua fupi yenye adabu. Si kamati zote hujibu. Zikijibu, bandika maoni hayo juu ya jalada, angalia kama masharti yanaruhusu kurudia, na ubadilishe kilichotajwa. Mara nyingi ni ushahidi wa hatua ya 4. Barua za kuunga mkono zenye zaidi ya mwaka mmoja ziombwe upya, zikiwa na tarehe mpya.